Adui wa Barafu si Florida, ni Saa ya Televisheni

Tarehe 2 Januari mwaka huu wa 2026, Florida Panthers waliwakaribisha New York Rangers kwenye uwanja wa besiboli wa loanDepot park mjini Miami, wakafungwa 5-1 juu ya barafu iliyotandikwa mahali ambapo watu huvaa kaptula mwezi wa Januari. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Februari, Tampa Bay Lightning wakacheza na Boston Bruins katika uwanja wa Raymond James, Tampa, jimbo hilohilo. Tangu NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, ilipotangaza mechi hizo mbili za nje, mashabiki hawajaacha kuvutana. Kundi moja linasema ligi imeuza roho ya mchezo. Kwao hoki ya nje ni theluji, mashavu mekundu na pumzi inayofuka kama moshi, na kuipeleka kwenye minazi ni kuwavunjia heshima waliokulia kwenye mabwawa yaliyoganda. Kundi la pili linajibu kwamba biashara ni biashara, ligi iende kwenye timu zinazouzika na mahali ambapo hali ya hewa haiwatesi watazamaji. Mwaka mzima wamebishana timu gani inafaa na hewa gani inafaa, kana kwamba hayo ni maswali mawili yasiyojuana.

Nadhani pande zote mbili zinatazama mahali pasipo. Barafu ya mechi hizi haiharibiwi na mji kuwa kusini au kaskazini. Inaharibiwa na jua na mvua, na hivyo viwili huwa hatari zaidi pale saa ya kuanza mchezo inapopangwa kwa kufuata televisheni badala ya anga. Nayo orodha fupi ya timu zinazoitwa “zinazouzika” imetoka kwenye meza hiyohiyo ya watangazaji. Ugomvi wa hewa na ugomvi wa timu ni ugomvi mmoja, na mwenye kuusababisha hayumo Miami ya joto wala Buffalo ya theluji. Naeleza kwa kirefu kwa sababu shabiki anayelipa kiingilio kikubwa, akasafiri na watoto, akakaa saa nyingi akingoja anga litulie, ndiye anayebeba gharama ya kosa hili, na katika mabishano haya jina lake halitajwi.

Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huu: timu za NHL hucheza karibu mechi zao zote ndani ya kumbi, ambako joto, unyevu na mwanga vinadhibitiwa. Mechi ya nje ni tukio la mara chache kwa mwaka, ambapo ligi inajenga uwanja wa barafu katikati ya uwanja wa besiboli au wa kandanda ya Kimarekani na kuingiza watu mara mbili, tatu au zaidi ya wanaoenea ukumbini. Na si bonanza, maana alama zake zinahesabika kwenye msimamo wa ligi. Ya kwanza ya namna hiyo katika zama hizi ilichezwa Edmonton, Kanada, tarehe 22 Novemba 2003, nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Watu 57,167 walivumilia hadi mwisho, na mlinda mlango wa Montreal, José Théodore, alicheza akiwa amevaa kofia ya sufu juu ya kinga yake ya uso. Kisha tarehe 1 Januari 2008 ikaja mechi iliyozaa desturi ya kila mwaka, Winter Classic, karibu na Buffalo. Theluji ilianguka mbele ya watu 71,217, na Sidney Crosby wa Pittsburgh akamaliza kazi kwa mkwaju wa penalti huku chembe nyeupe zikimpitia usoni. Picha hiyo moja ndiyo iliyowajengea Wamarekani wengi dhana ya mechi ya nje ilivyo. Kila inayofuata hupimwa nayo, na karibu kila inayofuata huonekana imepungukiwa.

Lakini tukio lililonifungua macho halikuwa la Buffalo. Februari 2021, wakati wa korona, ligi ilijenga uwanja wa barafu kando ya Ziwa Tahoe, mpakani mwa Nevada na California, bila watazamaji, misonobari nyuma, milima yenye theluji mbele, maji ya buluu pembeni. Ukimwambia mtoto achore mechi ya majira ya baridi, angechora hapo. Colorado na Vegas walianza saa 6 mchana kwa saa za huko. Anga lilikuwa safi, jua likapiga, na kabla kipindi cha kwanza hakijazoeleka barafu ilikuwa imelainika na kutoboka. Wachezaji walianguka bila kuguswa. Waamuzi wakaanguka. Mchezo ukasimamishwa baada ya kipindi kimoja kati ya vitatu, ukaendelea saa 3 usiku, wakati huo New York ni saa 6 za usiku wa manane. Colorado walishinda 3-2, na waliobaki macho kuona upande wa mashariki wa nchi walikuwa wachache. Mechi ya siku iliyofuata, Boston na Philadelphia, ikahamishiwa jioni, nayo ikachezwa vizuri.

Sasa weka tukio hilo kando ya jingine. Tarehe 25 Januari 2014, Los Angeles, uwanja wa Dodger, nyuzi 17 za joto, watazamaji 54,099, Anaheim wakiwafunga Los Angeles Kings 3-0. Huko palipangwa hata mpira wa wavu wa ufukweni kama pambo. Watu walitabiri uji wa barafu, na barafu ilishika. Sababu hazina muujiza wowote: mchana mafundi waliifunika kwa mashuka ya kuakisi mwanga, na mchezo ukachezwa usiku. Mji wa joto ulifaulu, mlima wa theluji ukashindwa, na tofauti kubwa kati yao ilikuwa saa.

Anayejua barafu inavyotengenezwa hatashangaa. Ligi ina trela maalumu ya mitambo ya kugandisha, yenye urefu wa karibu mita 16. Inapeleka kimiminika cha glaikoli kilichopozwa kupitia mabamba ya alumini yaliyotandazwa chini, na juu yake maji hunyunyiziwa tabaka kwa tabaka kwa siku kadhaa hadi barafu ifikie unene wa inchi 2 hivi, kuzidi ile ya ukumbini. Mtambo huo unapambana na hewa ya joto bila taabu kubwa, maana hewa ni mbeba joto dhaifu. Jua ni jambo jingine. Mwanga wake unapenya, unafika kwenye mistari myekundu na ya buluu na nembo zilizochorwa chini ya uso wa barafu, rangi hizo zinanyonya joto, na barafu inayeyukia pale hasa ambapo mchezo unahitaji uso imara. Mvua nayo inatandaza maji juu na kukifanya kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, paki, kikwame. Upepo unasukuma wachezaji. Hata baridi kupita kiasi ni mzigo. Tarehe 1 Januari 2022 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, baridi kuliko mechi yoyote ya nje ya ligi hii, na mafundi walilazimika kuipa barafu joto isiwe kavu na kupasuka. Katika hali hiyo uwanja wa Minnesota ulikuwa unahitaji kile ambacho Miami inacho bure.

Ni kweli pia kwamba ligi ilijifunza mambo haya mapema kuliko inavyokiri. Septemba 1991, Rangers haohao waliocheza Miami juzi walikutana na Los Angeles Kings katika mechi ya maandalizi nje ya hoteli ya Caesars Palace, Las Vegas, jioni ya nyuzi karibu 29. Barafu ilistahimili. Kilichobaki kwenye kumbukumbu za watu ni wadudu waliofuata taa wakatua uwanjani. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu: Nairobi, nyuzi moja na ushee kusini mwa ikweta, vijana wa Ice Lions walijifunza hoki kwenye kiwanja cha barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 wachezaji wa timu hiyo walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na Crosby na nyota mwenzake wa NHL, Nathan MacKinnon. Barafu ni mtambo, umeme na fundi anayejua kazi yake. Anayesema mji fulani “hauna hali ya hewa ya hoki” anazungumzia mandhari.

Mandhari si kitu cha kupuuza, na hapa nataka kuwatendea haki wanaopenda theluji. Hoja yao iliyo na uzito ni ya kumbukumbu. Kwa Mkanada wa Saskatchewan au Mmarekani wa Minnesota, kucheza nje ni utoto wenyewe, baba anayemwaga maji nyuma ya nyumba usiku ili asubuhi pawe uwanja. Mechi ya nje inawarudisha wachezaji mamilionea kwenye bwawa hilo kwa saa tatu, na mtu anayelilia hilo halilii upuuzi. Hoja inapodhoofika ni pale inapogeuka madai kwamba hoki ya kweli ilizaliwa nje, kwa hiyo ya Florida ni bandia. Mechi ya kwanza iliyopangwa na kuandikwa kwa utaratibu tunaoutambua leo ilichezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875, ndani ya jengo, Victoria Skating Rink. Watu walikuwa wakikimbiza vitu kwa magongo juu ya mito iliyoganda kabla ya hapo, ndiyo, lakini idadi maalumu ya wachezaji, muda na mipaka vilikuja na paa. Tena baridi yenyewe haiahidi tena. Mfereji wa Rideau mjini Ottawa, njia ya barafu inayojivuniwa na Wakanada, haukufunguliwa hata siku moja katika majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, kwa mara ya kwanza tangu uanze kutumika hivyo. Ikiwa mji mkuu wa Kanada unaweza kukosa barafu msimu mzima, nani ana uhakika wa kuitangaza Buffalo au Boston kuwa salama kwa tarehe maalumu? Tampa, usiku wa tarehe 1 Februari, palikuwa na baridi isiyo ya kawaida kwa Florida. Mwenyeji alitoka nyuma 5-1 akashinda 6-5 kwa mikwaju ya penalti, na waliokuwa jukwaani walikuwa wamejifunika makoti.

Na wale wanaosema Florida si nchi ya hoki wamechelewa. Kuanzia 2020 hadi 2025, kila fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, ilikuwa na timu ya Florida ndani yake. Tampa walilichukua 2020 na 2021, Panthers wakalichukua 2024 na 2025. Vikombe vinne katika miaka sita. Timu hizo zilianzishwa 1992 na 1993, kwa hiyo kuna watu wazima wenye watoto ambao hawajui maisha bila ya timu hizo. Kuwaambia wasubiri kwa sababu nje kwao hakuna theluji ni kuwaambia kwamba mapenzi yao yana daraja la pili.

Hapo tunafika kwenye soko, na soko ndilo linalohitaji kuchambuliwa polepole, maana hoja za upande huu zinaonekana za kiutu uzima na kwa hiyo hupita bila kuhojiwa. Msingi wake ni huu: mechi ya nje ni gharama kubwa, televisheni ya taifa inataka watazamaji, na watazamaji wanavutwa na majina makubwa, Chicago, New York, Boston, Pittsburgh, Philadelphia. Siidharau fedha. Tangu makubaliano ya 2013 wachezaji na wamiliki wanagawana mapato ya hoki nusu kwa nusu, kwa hiyo mechi inayouza vizuri inamfikia hata mchezaji wa mstari wa nne, anayeingia uwanjani dakika chache. Anayesema ligi isijali soko hajui mishahara inatoka wapi.

Ila madai yanapaswa kupimwa, na yapo yaliyokwisha pimwa. Chicago Blackhawks wamealikwa kwenye Winter Classic mara tano: 2009, 2015, 2017, 2019 na tarehe 31 Desemba 2024. Wamefungwa zote tano. Ukiongeza mechi za nje za mfululizo mwingine wa ligi, za 2014 na 2016, wamecheza nje mara saba na kushinda moja. Mechi ya Desemba 2024 ilikuwa na kila kitu ambacho nadharia ya soko inadai: uwanja wa Wrigley, mojawapo ya viwanja vinavyopendwa zaidi Marekani, Chicago yenye Connor Bedard, nyota kijana aliyetangazwa kuliko wenzake wote, na St. Louis, mahasimu wa jadi. Watazamaji wa televisheni hawakufika milioni 1, wakati mechi ya Pittsburgh na Washington ya 2011 ilitazamwa na watu wapatao milioni 4.5. Ikiwa jina la timu ndilo linalouza, hapo lilikwenda wapi?

Watetezi wa soko wana jibu, na jibu lao ni la haki, ila linawageukia wenyewe. Wanasema 2011 mechi ilikuwa kwenye NBC, kituo ambacho kila nyumba yenye antena hukipata. Kuanzia msimu wa 2021 Winter Classic ilihamia TNT, kituo cha kulipia. Pia mashindano ya kandanda ya Kimarekani ya vyuo yameteka sikukuu ya Mwaka Mpya kiasi kwamba ligi imelazimika kuhamisha Winter Classic kutoka tarehe yake. Yote kweli. Lakini kama mlango wa kituo na ratiba ya kandanda ndivyo vinavyoamua idadi, basi kuiita Chicago mara ya tano hakukuwa na maana ya kibiashara waliyoidai. Huwezi kumtetea nyota kwa kusema hesabu haikumtegemea yeye.

Tazama upande wa pili wa mizani. Columbus Blue Jackets waliingia ligi mwaka 2000. Walisubiri mechi ya nje mpaka tarehe 1 Machi 2025, robo karne, kwa sababu kila mara jibu lilikuwa kwamba soko lao ni dogo na nje ya Ohio hakuna anayewajua. Walipopewa nafasi kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ohio State, walifika watu 94,751. Katika historia yote ya ligi ni mechi moja tu imewazidi, ile ya Detroit na Toronto mjini Ann Arbor tarehe 1 Januari 2014, watu 105,491. Wakawafunga Detroit 5-3. Naishi Columbus, kwa hiyo msomaji anipime kwa hilo pia. Jioni ile nilikuwa jukwaani na jirani yangu, mama wa Uvira aliyekuja Ohio na wanawe, hajui sheria hata moja ya mchezo. Aliniuliza, “Kaka, watu wote hawa wanatafuta nini kwenye baridi hii?” Sikuwa na jibu zuri. Mwanawe wa sekondari, amevaa jezi namba 13 ya Johnny Gaudreau, mchezaji wa Columbus aliyegongwa na gari akafa pamoja na ndugu yake Agosti 2024, alimwambia tu, “Mama, tumekuja wote.” Mji ulikuwa umebeba msiba ule miezi sita, na hapo ulikuwa umekusanyika kwa mara ya kwanza mahali pamoja panapoutosha.

Kwa hiyo ninapoambiwa Columbus haiuziki, nauliza: kwa nani? Kwa mtazamaji wa Arizona anayebadilisha chaneli, pengine kweli. Kwa mji wenyewe iliuzika kuliko karibu kila mechi iliyowahi kuchezwa. Na mechi ya nje, tofauti na fainali ya kombe, ni sherehe ya mji. Fedha yake ya uhakika inatoka milangoni, kwenye jezi maalumu, hotelini, na kwenye uhusiano unaojengeka kati ya timu na watoto waliokuwa pale. Dallas ilithibitisha hilo mwaka 2020, watu 85,630 ndani ya Cotton Bowl. Raleigh ikathibitisha 2023, watu 56,961. Huko kote watabiri walisema kusini hakuna mashabiki wa kutosha.

Wakanada wana malalamiko yao, nayo yanatokana na shina hilohilo. Katika Winter Classic zote, timu za Kanada zilizoalikwa ni mbili, Toronto 2014 na Montreal 2016, kwa sababu vipimo vya watazamaji vya Marekani havihesabu macho ya Kanada. Mechi ya Ann Arbor ilitazamwa na Wakanada zaidi ya milioni 3, ambao kwenye karatasi ya mtangazaji wa Kimarekani hawakuwepo. Ndipo ujue neno “kuuzika” halikumaanisha kupendwa. Lilimaanisha kupendwa na wale wanaohesabiwa.

Hoja moja ya wapinzani wa mechi hizi sina jibu lake, nayo ni ya wingi. Mwaka 2014 peke yake ligi ilicheza mechi sita za nje. Ya mwisho, Vancouver tarehe 2 Machi, ilichezwa paa likiwa limefungwa kwa sababu ya mvua, mechi ya nje iliyokuwa ndani. Kitu cha ajabu kikifanywa kila wiki kinakoma kuwa cha ajabu, na kupunguza idadi tangu wakati huo kumekuwa uamuzi mzuri. Nakubali pia kuhusu haki ya mchezo. Alama 2 zinaamuliwa kwenye uso ambao timu haikuuchagua, na ndiyo maana katika mechi hizi timu huweza kubadilishana pande za uwanja katikati ya kipindi cha tatu, upepo na jua visimwonee mmoja. Ni dawa nzuri, ila haitoshi barafu ikishalainika. Kocha anayelalamika kwamba wachezaji wake wanaweza kuumia hapo ana haki ya kusikilizwa kuliko shabiki anayetaka picha nzuri.

Kinachonichoma ni kwamba dawa kubwa inajulikana tangu zamani na hutumika kama dharura tu. Pittsburgh, tarehe 1 Januari 2011, mechi ilipangwa saa 7 mchana, mvua ikatishia, ikasogezwa hadi saa 2 usiku. Ndiyo ile iliyovuta watazamaji milioni 4.5. Philadelphia, Januari 2012, ilisogezwa kutoka saa 7 hadi saa 9 alasiri kwa mng’ao wa jua. Uwanja wa Yankee, Januari 2014, mechi ya mchana ikacheleweshwa kwa jua. Tahoe nimekwisha kuieleza. Kila mara ligi ilipanga mchana kwa ajili ya nafasi ya televisheni, kila mara jua au mvua ikaikatalia, na kila mara wakaishia kufanya walichoweza kufanya tangu mwanzo. Miami na Tampa zilipangwa jioni, na Miami ilikuwa na paa la kufunguka lililolinda barafu hadi karibu na mchezo. Wanaoitazama Miami kama usaliti wameshindwa kuona kwamba huenda ndiyo mara ya kwanza Winter Classic imepangwa kwa kuifuata barafu.

Pingamizi linalobaki ni kwamba usiku wa kaskazini utawagandisha watoto na wazee, na kwamba mchana wa Mwaka Mpya una utamu wake. La kwanza nalichukulia kwa uzito. Minneapolis ya nyuzi 21 chini ya sifuri ilichezwa usiku, na hapakuwa mahali pa mtoto mdogo. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuigawa kazi: miji ya baridi kali ipewe Oktoba, Novemba na Machi, miji ya kusini ipewe Januari na Februari, zote jioni. Edmonton ilicheza nje Oktoba 2023 na Columbus Machi 2025, hakuna aliyesema hazikuwa mechi za kweli. Mpango huo ungeondoa pia visingizio vya timu, maana zamu ingekuwa ya kila mji wenye uwanja mkubwa na watu wa kuujaza, Winnipeg na Ottawa zikiwemo, badala ya Chicago ya sita.

Na kuna tiketi. Waliokuwa Pittsburgh 2011 walikuwa wameshasafiri, wameshalipa hoteli kwa kufikiria mechi ya mchana, na saa 7 za nyongeza walizipitisha mjini kwa gharama zao. Ligi inajikinga dhidi ya hasara ya hali ya hewa, mtangazaji ana mkataba unaomlinda, na mwenye tiketi ana maandishi madogo nyuma yake yanayosema muda unaweza kubadilika. Ligi inaweza kuyahamishia mbele, kwa herufi za kawaida: mchezo utaanza kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, saa kamili itatajwa siku mbili kabla kulingana na anga, na ukisogezwa nje ya muda huo mwenye kutaka fedha yake atarudishiwa. Vituo vya televisheni vitapinga. Lakini hata Tahoe mechi ilisogezwa, baada ya barafu kutoboka wakati ikionyeshwa moja kwa moja.